Mkalimani wa Picha ya Majivu

Picha ikiisha, yale maandishi makubwa ya Kiingereza yakitokea kwenye kioo, Mkalimani, mtafsiri wa banda la video, hakuwa anasema "mwisho". Alikuwa anasogeza maiki mdomoni na kusema, "Mzungu amechoka. Fundi bado." Halafu anazima. Watu wanatoka wanacheka, wanajipangusa vumbi la mabenchi, na pale nje mama yangu anaanza kuuliza nani anataka chai.

Namkumbuka kwa sauti kwanza, sura baadaye, kwa sababu mimi sikuwa naingia. Nilikuwa nakaa nje kwenye meza ya mama ya chai na chapati, mgongo nimeuegemeza kwenye turubai la banda la video, na sauti yake inapita kwenye turubai inaniingia mgongoni. Mimi kuongea siwezi. Darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nasimama, na jibu linabaki limekaa. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mtu mwenye sauti nyingi vile lazima amezichukua kwa watu, na moja ilikuwa yangu.

Mtaa wetu uko pembeni ya Geita, upande wa wachimbaji wadogo. Makarasha yanasaga mawe mchana kutwa, na kila nguo unayoanika inakauka na vumbi lake. Banda la video lilikuwa mbao, turubai na bati, na siku nyingi lilionyesha mpira. Lakini Jumapili saa nane mchana, watu wametoka kanisani na mpira bado, Mkalimani alikuwa anaweka picha moja ileile. Ya zamani sana, haina rangi. Watoto waliiita Picha ya Majivu, maana kila kitu mle ndani, nyuso, miti, hata moto, ni majivu matupu.

Inamhusu daktari mmoja wa Kizungu mwenye nywele zilizosimama. Anaishi peke yake kwenye jumba la mawe, ana chupa na mirija kila mahali. Anatengeneza moshi usioonekana wala kunuka, anaufungia ndani ya taa, na taa hizo anawapelekea zawadi wenzake watatu wa zamani. Wanakufa mmoja mmoja. Kila anayekufa, daktari anacheka, na vijana wote wa mtaa wanajua kucheka vile. Mwishoni jumba linaungua naye yumo ndani.

Hiyo ni picha ya Mzungu. Ya Mkalimani ilikuwa nyingine.

Kwa Mkalimani yule hakuwa daktari, alikuwa Fundi. Lile jumba lilikuwa mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Wale wenzake watatu walikuwa Mabosi.

"Huyu mnayemwona," anaanza kwa sauti nzito, ya kwake mwenyewe, maana Fundi ndiye peke yake ambaye hakumbadilishia sauti, "alikuwa na duara lake, shimo lake la dhahabu. Kalichimba kwa mikono hii. Siku limetema dhahabu, wakaja hawa watatu na suti. Wakamwambia, Fundi, mambo ya leseni wewe huyajui, tuachie tukushughulikie. Kalala, kaamka, duara lina geti."

"Wamempiga!" watu wanaitikia.

"Wamempiga au hawajampiga?"

"Wamempigaaa!"

"Haya. Tulieni tuone."

Basi banda zima linakuwa upande wa muuaji. Wanaume waliotoka shimoni asubuhi, matope bado yamekaukia nyuma ya masikio, wanasimama kumshangilia mtu anayeua. Bosi wa kwanza akiwasha taa yake, wanapiga mbao kwa miguu mpaka vikombe vya mama vinagongana nje. Sauti ya binti wa Bosi alikuwa anaitoa kwa kubana pua, na mama hakuwahi kuacha kusema, "Huyu binti naye, mafua yake hayaponi." Pale ambapo Wazungu wenyewe wananyamaza wanaangaliana tu, yeye hanyamazi. Aliwahi kuulizwa mbona anaongea hata watu wakiwa kimya. Akajibu, "Umelipia, unataka nikae kimya? Kimya si kipo kwako nyumbani?"

Siku moja umeme ulikatika Bosi wa pili akiwa ndiyo kwanza anaifungua zawadi yake. Niliposikia makarasha yamenyamaza nikajua watu watadai kiingilio chao. Hakuna aliyetoka. Mkalimani aliweka maiki chini akaendelea kwa mdomo mtupu, kwenye kioo cheusi, taa, moshi, kicheko, binti mwenye mafua, mpaka jumba likaungua. Watu wakatoka wakijipangusa kama kawaida. Mzee mmoja mchimbaji akamwambia mama, "Leo picha ilikuwa safi kuliko siku zote."

Alikuwa na vituko vyake. Mlangoni alikuwa mkali, watoto anawafukuza kwa fimbo ya mwavuli, lakini turubai la nyuma lilikuwa na sehemu ya mtoto kupenya, imefungwa kwa kamba, na nilimwona kwa macho yangu akiifungua kamba hiyo mwenyewe kila Jumapili, halafu anakwenda mlangoni kuwa mkali. Kwenye mabenchi wakigombana, yeye ndiye wa kwanza kusema sameheaneni, mnagombea nini, wote mtarudi shimoni kesho. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe hakumsamehe.

Huyo alikuwa broka, mnunuzi wa dhahabu, mwenye gari jeupe. Mama aliniambia zamani walikuwa na duara moja, yeye na Mkalimani. "Mwenzake akaondoka na duara," mama alisema, "yeye akaondoka na kikohozi." Akaendelea kusukuma chapati. Gari lile likipita, Mkalimani alikuwa anasimama. Anatoa kofia. "Za kazi, bosi." Broka anainua kidole kimoja kwenye usukani. Mkalimani anarudi kukaa, na uso wake unakuwa kama wa mtu anayemeza kidonge bila maji. Haongei tena mpaka jioni. Yote alikuwa anamtunzia Fundi wa Jumapili.

Kuhusu Kiingereza chake watu walisema mengi. Yeye alidai alikisomea jikoni, kwenye kambi moja ya mgodi alikokuwa akipika. Nilipofika kidato cha tatu na masikio yangu kuanza kushika maneno, niligundua Wazungu wale hawasemi anayoyasema. Hakuna duara, hakuna leseni. Yule daktari wenzake walimfukuza kazi kwa sababu alimjaribishia mgonjwa dawa yake na mgonjwa akafa. Nililibeba jambo hilo muda mrefu. Siku moja alikuja mezani hakuna mteja mwingine, mama amekwenda kuchota maji, na sijui nguvu nilizitoa wapi.

"Shikamoo, Mkalimani."

"Marahaba, Kimya." Kimya ndilo jina alilonipa. "Leo una maneno. Nayaona yamekuja mpaka kwenye meno."

"Pale mwanzoni... hasemi wamemdhulumu."

"Anasemaje?"

"Anasema walimfukuza. Aliua mgonjwa."

Alichukua kikombe kwa mikono miwili. Nilifikiri atakasirika. Akasema taratibu, "Najua."

"Sasa mbona..."

"Kimya, hawa wanatoka chini ya ardhi. Mtu ametoka chini, mkono mtupu, kaoga, kavaa shati, kaja kukaa kwenye mbao. Nimwambie huyu mzee ni muuaji tu, basi, nendeni nyumbani? Anataka asikie kwamba kuna mtu mmoja, hata kama ni Mzungu, hata kama ni wa majivu, alidai akalipwa." Akanywa. Akakunja uso. "Mwambie mama yako chai yake siku hizi ina ladha ya sarafu."

Mama alikasirika sana kuhusu hiyo sarafu. Alibadilisha majani, akabadilisha sufuria, akamwambia anywe kwake basi. Sarafu haikutoka. Sasa najua haikuwa kwenye chai.

Siku zisizo na picha Mkalimani alikuwa anawachomea watu dhahabu. Wanamletea kile kidonge cha kijivu, dhahabu iliyoshikana na zebaki, anakiweka kwenye koleo, anakipuliza kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba yake mpaka zebaki inaondoka na moshi na ya njano inabaki. Alikuwa anainama karibu kabisa ili asiiunguze. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba moshi ule ni sumu. Nilimwambia mama, mama akamwambia yeye, naye akacheka. "Ungekuwa sumu ungenuka."

Mikono ilianza kutetemeka. Mama akaanza kumjazia nusu kikombe ili asijimwagie, bila kumwambia kwa nini, naye akawa anakunywa nusu bila kuuliza. Macho yakawa mekundu. Fizi zilimuuma, akaacha chapati. Akawa anaongea peke yake njiani, na mimi nilijua anafanya mazoezi, maana niliusikia uongo wa Fundi umo mle ndani, duara, geti, leseni. Lakini anayepita haraka na baiskeli yake husikia mzee tu anayeongea na hewa na kucheka kicheko kile. Na kwenye banda alianza kutafuta maneno. Anasema, "Fundi akachukua ile... ile..." na vijana wanamsaidia, "Taa!" "Ndiyo, taa." Walidhani anawachezesha.

Halafu ikaja Jumapili ya broka.

Gari jeupe lilisimama mbele ya meza yetu. Broka akashuka na rafiki zake, akawaambia, "Nasikia kuna mzee humu ana picha inayonisema," wakacheka, wakaingia. Watu waliokuwa wanakunywa chai waliacha vikombe wakakimbilia ndani. Mama akaniangalia. Hata yeye aliacha jiko akaja kusimama na mimi kwenye turubai. Wote tulikuwa tunangoja kitu kimoja, kwamba leo atamwambia. Miaka yote ile alikuwa anaisemea hewa, leo mwenyewe amekaa benchi la mbele.

Picha ikaanza. Mkalimani akakohoa.

"Huyu mnayemwona," akasema, na sauti haikuwa ile nzito, ilikuwa ya mtu anayejibu swali ofisini, "ni daktari. Alikuwa anafanya kazi na wenzake watatu. Watu wazuri. Yeye akamjaribishia mgonjwa dawa, mgonjwa akafa. Wakamfukuza. Akakasirika."

"Ah! Na duara?" mtu akauliza.

"Hakuna duara."

"Mkalimani, acha hizo! Wamempiga!"

"Hawajampiga."

Aliisema picha yote hivyo, kwa mara ya kwanza, kama ilivyo. Bosi wa kwanza akafa hana kosa. Wa pili akafa hana kosa, na binti mwenye mafua akalia, na safari hii watu walimsikia kwamba analia. Hakuna aliyepiga mbao. Moshi usionuka, chupa, mzee mwenye macho makali anayecheka peke yake usiku kwenye jumba lake. Mwanamke mmoja mle ndani akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka kabisa, "Kumbe nogi!"

Nogi ni mchawi. Hapa kwetu neno hilo halirushwi ovyo. Walishauawa bibi vizee wa watu kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jiko. Miaka yote vijana walipotania kwamba Fundi ni nogi, Mkalimani alikuwa anasimamisha picha. "Huyu ni fundi," anasema, "ukisema hilo neno tena unatoka nje." Siku ile hakusimamisha. Broka alitoka kabla jumba halijaungua, akapanda gari, akainua kidole chake. Maandishi ya mwisho yalipotokea Mkalimani alizima tu, hakusema lolote.

Sijui kama aliogopa au alichoka. Mama anasema aliogopa. Mimi nafikiri alipomwona mwenzake karibu vile, anapumua, ana kitambi, anakula karanga, aliona kwamba hata Fundi asingemfanya kitu.

Lakini watu walikuwa wamemsikia Fundi kwa sauti yake miaka mingi. Fundi alikuwa yeye. Sasa Fundi amekuwa nogi, lile neno lingekwenda wapi? Kwanza lilikuwa utani wa bodaboda: "Nogi, kioo kiko wapi leo?" Halafu mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwetu akashikwa na homa, akafariki kabla hawajafika hospitali, na mama yake akakumbuka kwamba Mkalimani alimpa karanga. Aliwapa watoto wote karanga, mimi mwenyewe nilikula. Sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakaitisha mkutano chini kwenye uwanja. Mwenyekiti wao alisema, "Sisi hatumpigi mtu. Hatuna ushahidi. Lakini moshi usionuka ni wa nani hapa mtaani? Watu wamemwona anapuliza." Wakaamua atengwe.

Kutengwa ni hivi: hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumuuzia, hakuna wa kumsalimia wala kumwitikia. Ukifanya, wewe nawe unatengwa. Hawakumgusa hata ukucha. Mtu aliyekuwa anaishi kwa kuitikiwa, walimnyima kuitikiwa.

Alikuja mezani asubuhi iliyofuata, akakaa kwenye benchi lake. "Habari za asubuhi, mama." Mama aligeukia jiko. Alikuwa na sisi watoto wa kulisha na meza ile ndiyo shamba letu. Mkalimani alingoja nusu kikombe chake. Mimi nikafungua mdomo nikasema shikamoo bila sauti, midomo tu, kama ninavyosema vitu vyote. Akaiona. Akainua midomo yake akajibu hivyohivyo, bila sauti, marahaba. Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka asubuhi moja hakuja. Banda lilikuwa limefungwa. Walisema dada yake alikuja na pikipiki ya matairi matatu akampakia pamoja na godoro. Siku hizi pale ni mpira tu.

Likizo hii nimekuja Kahama kwa mama mdogo, mtaa wa Nyahanga. Mama alikuwa ameniambia pole pole, akifungafunga nguo zangu, kwamba dada yake Mkalimani, Mama Kulwa, anakaa hukohuko, karibu na kisima, na kwamba nikipenda ninaweza kupita. Alinipa chapati kwenye mfuko mweusi. Hakusema ni za nani.

Nilimkuta Mkalimani kwenye mkeka, kivulini mwa nyumba, ameshikilia mikono yake katikati ya magoti ili isiruke. Nilipiga magoti.

"Shikamoo."

Nilisema kwa sauti. Sauti yangu yote. Sikujua kama ninayo ya kiasi kile. Aliniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mtu aliyekosea nyumba.

"Usimdai kuitikia, mwanangu," alisema Mama Kulwa. "Maneno yamemwisha. Hospitali wamesema ni zebaki, imeshapanda kichwani, dawa yake hakuna. Siku nyingine ananiita mama."

Picha ya Majivu nilikuwa nayo kwenye simu, kijana mmoja wa banda alinirushia. Njia nzima nilikuwa nimejiambia akiiona tu, sauti itarudi. Niliiweka, nikaegemeza simu kwenye kopo. Jumba la mawe. Chupa. Yule mzee na nywele zake. Mkalimani akasogea kuangalia. Wazungu wakaongea Kiingereza chao, na hakuna mtu aliyeongea juu yao.

Basi nikaanza mimi.

"Huyu unayemwona," nikasema, "ni Fundi. Alikuwa na duara lake. Kalichimba kwa mikono. Siku limetema, wakaja hawa watatu na suti..." Niliyajua maneno yote, mgongo wangu ulikuwa unayajua. "Wakamwambia, Fundi, mambo ya leseni huyajui. Kalala, kaamka, duara lina geti. Wamempiga au hawajampiga?"

Alikuwa anamwangalia yule mzee kwenye simu, macho mekundu ameyakaza. Midomo ikaanza kutafuta. Mama Kulwa aliacha kuchambua mchele. Ikatafuta, ikatafuta, halafu neno likatoka zima, safi, kwa ile sauti nzito ya Jumapili.

"Nogi."

"Hapana, si nogi. Ni Fundi. Wamemdhulumu, Mkalimani, wewe ndiye ulisema..."

"Nogi." Akajivuta nyuma kwenye mkeka mpaka mgongo ukagonga ukuta, mkono unaruka, anamwonyesha. Yule mzee kwenye simu akaanza kucheka kicheko chake. "Nogi! Nogi!"

"Zima, ng'wana wane, mwanangu," Mama Kulwa akasema. "Zima, anaogopa."

Nikazima. Ilichukua muda kupumua kwake kutulia. Mama Kulwa alimpa maji, nusu kikombe, naye pia amejifunza. Alipomaliza kunywa alinigeukia, mimi mgeni aliyekosea nyumba, akauliza kwa sauti ndogo, ya siri:

"Wameshampata, yule nogi?"

Niliangalia simu nyeusi pale kwenye kopo.

"Wameshampata," nikasema.

"Afadhali," akasema Mkalimani, akafumba macho.